Acha Mchezo

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba neno mchezo lina uso wa pili. Asemaye "si mchezo" amesema jambo ni zito. Aambiwaye "acha mchezo" ametakiwa azinduke. Sikupata kujiuliza lugha hiyo humfundisha nini mtoto, mpaka iliponigeukia nyumbani kwangu.

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka saba. Hakutulia: daftari lilifunguliwa, kalamu ikaanguka, macho yakaenda dirishani. Usiku aliogopa kuachwa peke yake. Mimi, niliyezoea kufundisha watu wazima, niliona utundu mtupu. Jioni moja nilimpokonya vizibo vya soda alivyokuwa akivipanga sakafuni, nikavitupa jalalani. Hakulia. Alificha viganja vyake chini ya mapaja, akakaa kimya namna ile ile niliyoitaka, na kimya kile kikaniogofya.

Tabibu tuliyemwendea alinieleza kwamba hofu ya mtoto mara nyingine huvaa nguo za kutotulia, kwa kuwa akili iliyo zamu mlangoni haiwezi kusoma papo hapo. Chumbani mwake palikuwa na kasha la mchanga, na rafu ya wanyama, nyumba na watu wadogo wadogo. Asili ya kasha hilo ni Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto aliyefungua kliniki London mwaka 1928. Alikuwa amevutiwa na kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1911 juu ya michezo ya sakafuni, akawawekea watoto vitu vidogo vya kuchezea. Wao wenyewe wakavitia mchangani, wakauita mpango wao "dunia". Naye Virginia Axline, Mmarekani, alitoa mwaka 1947 kitabu chenye kanuni iliyonishinda kuliko zote: mtoto atangulie, mkubwa afuate.

Niliruhusiwa kuketi pembeni kwa sharti la kutouliza neno. (Mwalimu hana adhabu kubwa kuliko hiyo.) Binti yangu alizika nyumba ndogo mchangani, akaifukua, akaizika tena, karibu nusu saa nzima, naye ndiye niliyeapa kwamba hawezi kushika jambo moja kwa dakika tano. Ulimi uliniwasha. Tabibu alisema tu, "Nyumba imezikwa tena."

Nilikumbuka mdako wa dada zangu: kete moja hewani, nyingine shimoni, jicho na mkono vikienda pamoja. Hata hivyo sitaki kudai, kama tupendavyo wasomi, kwamba wazee wetu walikuwa nayo tiba hii tangu kale. Mdako una sheria na mshindi. Mchanga ule haukuwa na kimoja, ila ulikuwa na mtu mzima aliyetazama bila kusahihisha. Mtu huyo ndiye aliyekosekana kwangu.

Kutotulia hakukuisha, wala tabibu hakuahidi hivyo. Sehemu kubwa ya kazi ilitupata sisi wazazi: kupunguza amri, kuzifupisha, na kusifu upesi.

Wiki ya sita binti yangu aliniita nisogee, akanipa ng'ombe wa mti. Nilimwuliza nimweke wapi.

"Mshike tu, baba," alisema, akaurudia mchanga wake.