Mbwa wa Kuwinda Usukumani: Kutoka Kitoweo hadi Mtihani

Kwa kizazi chetu, tuliokulia vijiji vya Magu, Misungwi na Kwimba, mbwa wa kuwinda alipimwa jikoni. Aliyewawezesha vijana kurudi na sungura alikuwa mbwa mzuri, na sifa zake zilivuka mpaka kitongoji cha pili. Aliyerudi bila kitu alikula makombo, na hakuna aliyeuliza kama alinusa vizuri akakosa bahati, au kama mwenzake aliyesifiwa alimkuta tu sungura amelala njiani. Leo, katika ukanda huohuo wa Ziwa, kuna mbwa wasioleta nyama nyumbani kabisa na bado wanaaminiwa kuliko mbwa wote waliowahi kuwinda kwenye mbuga zetu, kwa sababu mtu aliwapima kwanza. Hayo ndiyo mabadiliko ninayoyakumbuka na kuyafikiria hapa. Naamini yanatuonyesha mahali pa kuanzia ikiwa tunataka, hapa Mwanza, kuendesha majaribio ya mbwa wa kuwinda kama yanavyofanyika kwingine duniani: tuanze na mtihani, mashindano yafuate baadaye.

Hivyo ni vitu viwili, na huko yalikoanzia vilichelewa kutenganishwa. Majaribio ya kwanza yanayotajwa katika historia ya mbwa wa ndege yalifanyika Southill, Uingereza, mwaka 1865, nayo yalikuwa mashindano ya pointa na seta. Mbwa wa aina hii akinusa ndege aliyejificha kwenye nyasi hamrukii. Anasimama kama aliyeganda, pua imeelekea aliko ndege, mara nyingi mguu mmoja wa mbele umekunjwa, akimngoja mwenye bunduki. Mwaka 1874 Wamarekani wakayaanzisha kwao, Memphis. Katika mashindano mbwa wawili hufunguliwa pamoja na mwamuzi huangalia nani amemzidi mwenzake, kwa hiyo siku yenye mbwa dhaifu watupu bado inaweza kumtoa mshindi. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya chama kikuu cha mbwa cha Marekani kuanzisha, katikati ya miaka ya 1980, mitihani ambamo mbwa hashindani na mwenzake yeyote. Anapewa alama kati ya 0 na 10 kwa utafutaji, kwa kuwapata ndege, kwa kusimama na kuashiria, kwa utii. Akipungukiwa na 5 katika kipengele kimoja, au wastani wake usipofika 7, amefeli. Wanaweza kufaulu wote siku hiyo, na wanaweza kufeli wote. Aliye katika daraja la chini anatakiwa aashirie tu. Wa daraja la juu lazima abaki ametulia ndege akiruka na bunduki ikilia, na amheshimu mwenzake aliyetangulia kuashiria.

Najua Msukuma akisikia habari hizi ataupenda upande wa mashindano. Ngoma zetu ni ushindani mtupu: vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu husimama pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Wanaofika Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe ya Bulabo mwezi Juni wanaujua mvuto huo. Lakini Usukuma ulikuwa na njia nyingine ya kumtambua fundi, na hiyo ndiyo iliyotawala uwindaji. Bayege waliowinda tembo, Banunguli waliowafuata nungunungu ndani ya mashimo yao, Bayeye waliokamata nyoka, wote walikuwa na vyama vya watu waliopokelewa baada ya kufunzwa. Hakuna aliyepokewa kwa kuwa amevuta umati. Kosa la mcheza ngoma humharibia jioni yake. Kosa la anayeingiza mkono kwenye shimo la nyoka linaweza kumwua. Palipokuwa na hatari, wazee wetu walidai kiwango. Walichokidai kwa binadamu hatukukidai kwa mbwa, na nadhani sababu ni kwamba mbwa hakuthaminiwa kiasi cha mtu kujishughulisha kumpima.

Ndugu zetu Waislamu, kutoka Pwani hadi Mwanza mjini, wana hoja nzito zaidi: mbwa ni najisi, na kumfuga kwa burudani hakufai. Siidharau hoja hiyo, kwa maana katika madhehebu ya Kishafi mate ya mbwa yana hukumu kali ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hapohapo kwenye sheria ya Kiislamu ndipo ninapokuta mtihani wa mbwa ulioitangulia Southill kwa karne nyingi. Sura ya tano ya Qurani, aya ya nne, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na wanazuoni wakalazimika kueleza aliyefunzwa ni yupi. Jibu la Washafi ni la kitaalamu kabisa: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ni mazoea yake, si bahati ya siku moja. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokosekana vijijini kwetu. Sisi tulimhukumu mbwa kwa sungura mmoja.

Mabadiliko yenyewe kwenye ukanda huu hayakuanzia kwa wawindaji. Yalitoka upande wa hifadhi, kwanza kama shutuma. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, na watafiti wakaunasibisha ugonjwa huo na mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi. Ndipo kampeni za kuwachanja mbwa wetu dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa zikaenea, na kwa mara ya kwanza mbwa wa kijijini akawa na kadi yenye tarehe. Baadaye wakaja mbwa wa kunusa. Shirika la African Wildlife Foundation liliwafunza mbwa na waongozaji huko Usa River, Arusha, na mwaka 2016 wakapelekwa Dar es Salaam na Mombasa kutafuta pembe za ndovu. Karibu zaidi na sisi, Grumeti, upande wa magharibi wa Serengeti, mfuko wa uhifadhi wa huko ulishirikiana na Working Dogs for Conservation ya Marekani kuunda kikosi cha mbwa wanaonusa pembe, silaha na nyamapori. Shirika hilo la Marekani linajulikana kwa kuchukua mbwa waliotelekezwa kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Hawachaguliwi kwa ukoo wala kwa cheti cha mama na baba. Wengi wanajaribiwa, wachache wanafaa.

Morogoro kuna ushahidi uleule kwa mnyama ambaye hakuna aliyemtarajia. Shirika la Apopo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, limekuwa wakiwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000, na hakuna panya anayepelekwa kazini kabla ya kufaulu mtihani katika uwanja ambao hata anayemwongoza hajui bomu limefukiwa wapi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kama panya buku amepewa heshima ya mtihani wa haki, mbwa wa Kwimba naye anaustahili.

Watasema mbwa koko haashirii, na ni kweli. Kuashiria ni tabia ya kurithi iliyokuzwa kwa kuchagua wazazi kwa vizazi vingi, na haifundishwi kutoka sifuri. Isitoshe, ndege wetu hawafanani wote na wale ambao pointa alikuzwa kwa ajili yao. Kware hutulia kwenye nyasi mpaka karibu umkanyage, na huyo anamfaa mbwa wa kuashiria. Kwale hukimbia kwanza, halafu ndiyo anaruka. Kanga hukimbia kundi zima na kumwacha mbwa ameganda akielekea mahali ambapo hapana kitu tena. Ukiinakili mitihani ya kigeni kama ilivyo, utawafelisha mbwa wetu kwa kosa la kanga. Ndiyo maana naona kipengele cha kuashiria kiwe cha pointa na seta pekee, na mbwa wengine wapimwe kwa kutafuta, kufuata harufu na kutii. Kazi ya majini, ambayo Wajerumani huipa uzito mkubwa katika mitihani yao, tuiache. Ziwa Viktoria lina mamba na kichocho, na hakuna alama inayostahili kumtumbukiza mbwa humo.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni la ujangili: kwamba tukimnoa mbwa tunamnoa mwizi wa wanyamapori. Uwindaji bila leseni ni kosa, na ndani ya hifadhi mbwa wa kuwinda hana nafasi. Lakini ujangili hustawi gizani, na mtihani ni shughuli ya mchana, penye orodha ya mbwa na wenye mbwa, mbele ya mtendaji wa kijiji na ofisa wa wanyamapori. Ndege hahitaji kufa. Sehemu kubwa ya kazi ya mbwa iko kabla ya risasi, na mlio wenyewe unaweza kuwa wa mbao mbili zilizogonganishwa. Mbwa asiye na kadi ya chanjo asiingie, na mchanjaji awepo asubuhi ile.

Mahali tunapo. Majaruba baada ya mpunga kuvunwa hupata kware, na upande wa Shinyanga kuna ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wayapate kiangazi, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uliyafufua kuanzia 1986. Nyasi ndefu zilizotunzwa ni makazi ya ndege, ingawa lazima mwenye ngitili akubali na msimu wa kutaga uwe umepita. Kazi ianze kabla jua halijapanda, kwa kuwa ardhi ikishakauka na kupata moto harufu hutoweka, na mbwa mwenye pua nzuri ataonekana hana pua. Kuhusu waamuzi, ningependa wawili kwa kila mbwa: mmoja awe amewahi kuongoza mbwa wa kunusa na kuzoea kuandika alama, mwingine awe mzee aliyewinda kwenye mbuga hizi enzi za ujana wake, anayeweza kusema kwa kutazama mkia tu kama mbwa amepata harufu mbichi au anafuata ya jana. Alama zao zisomwe kwa sauti kwa mwenye mbwa palepale, kipengele kwa kipengele, hata kama amefeli vyote.