Barua kwa Mwalimu Mpya wa Mpanda

Muheza, Tanga

Baba yangu,

Sote wazima, machungwa yameanza kukomaa, na jirani yetu bado anadai kwamba mpaka wa shamba ni ule mwembe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeona nikuandikie, maana uliyoyasema hayajibiki kwa sauti ya nusu dakika.

Unasema umepata ajira ambayo wengi uliosoma nao bado wanaihangaikia, lakini badala ya kufurahi hulali vizuri, chakula hakipiti, na kila ukishika simu unawaona wenzako wanaoa na kupiga picha ufukweni. Unajiona huna shukrani. Nianze na hilo, kwa sababu linakutesa bure.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya mabadiliko 43 ya maisha, kila moja na alama zake. Kufiwa na mume au mke ndiko kwenye alama za juu kabisa, 100. Lakini humo humo kuna kufunga ndoa, alama 50. Kubadilika kwa hali ya fedha, iwe imepanda au imeshuka, 38. Kuhama makazi, 20. Hata kwenda likizo kuna 13. Hawakupima kama jambo ni la heri au la shari. Walipima linamdai mtu ajirekebishe kiasi gani. Sasa wewe umemaliza masomo, umeanza kazi, umehama mkoa, umebadili marafiki, chakula na saa za kulala, yote kwa mpigo. Mwili haujui kwamba barua yako ya ajira ilipokewa kwa vigelegele. Kuchoshwa na jambo la heri si kukufuru.

Orodha yenyewe ni ya Wamarekani, ndiyo maana haina kipengele cha ukoo kupata habari kwamba umeanza kupokea mshahara. Tungeiandika sisi, hicho kingekuwa juu juu huko. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hujauona, halafu kuna kodi ya chumba, halafu simu zinaanza: ada ya mdogo wako, mchango wa harusi ya binamu, dawa za bibi, na yule mjomba ambaye hujawahi kumwona. Nakujua, huwezi kusema hapana, kwa hiyo unaacha kupokea simu, kisha unakaa na hatia usiku kucha. Fanya hivi. Panga kiasi unachokiweza, kitume kwa mama yako mshahara ukitoka tu, kabla hajakuomba mtu, yeye agawe. Atakayekuja baada ya hapo mjibu kwa upole kwamba ya mwezi huu yameshakwenda kwa mama. Watanuna kidogo, kisha watazoea. Ukoo huzoea haraka kuliko unavyodhani; nami nimo katika ukoo huo.

Hayo ni mepesi. Lililonishtua katika maneno yako ni lile ulilolipitia juujuu: kwamba bado unalala kwenye godoro chini, mabegi hujayafungua, na ukiulizwa mbona hununui hata kitanda unajibu kwamba unasubiri uhamisho.

Nilipokuwa nasomea ushauri nasaha tulifundishwa habari za Daniel Levinson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale. Kitabu chake cha mwaka 1978 kilitokana na mahojiano na wanaume 40: vibarua wa viwandani, mameneja, wanabiolojia na waandishi wa riwaya. (Wanawake aliwaandikia kitabu chao baadaye, kikatoka mwaka 1996 mwenyewe ameshafariki. Sisi tumezoea kungojeshwa.) Anasema mtu wa miaka ya ishirini ana kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kutojifunga mapema, ajaribu hiki na kile. Ya pili ni kujijengea maisha yenye mhimili: kazi, makao, watu. Anayeshika ya kwanza peke yake huelea tu. Anayeshika ya pili peke yake hujifunga kabla hajajijua. Arobaini ni wachache na Marekani si kwetu, lakini kwa walimu wapya niliowapokea shuleni niliona jambo hilohilo. Waliotulia mapema hawakuwa wale wachangamfu. Walikuwa wale waliokuwa na jambo la kufanya vipindi vikiisha: bustani, timu ya mpira, kwaya, madrasa. Waliokuwa wakihesabu siku za kuondoka walikonda, na wengine uhamisho ulipotoka walihamia kwingine na kuanza kuhesabu upya.

Waulize wenyeji wa hapo wakueleze habari za Katumba. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipelekwa pale pakiwa pori. Walifyeka, wakalima, wakajenga, bila kujua kama watarejea kwao mwaka unaofuata au hawatarejea kabisa. Wengi wao wamekuja kupewa uraia wa Tanzania baada ya miongo kadhaa. Sikulinganishi nao, wewe hukufukuzwa na mtu. Nasema tu kwamba hawakusubiri kujua watakaa muda gani ndipo wapande mahindi.

Richard Lazarus na Susan Folkman waliandika mwaka 1984 kwamba watu hukabili shida kwa namna mbili: kuishughulikia shida yenyewe, au kuutuliza moyo unaoumizwa nayo. Zote mbili ni halali, ila kila moja ina mahali pake. Paa ulilosema linavuja, mfuate mwenye nyumba, kesho, usiende kulilalia ukisema yatapita. Umbali wa Mpanda hadi Tanga, treni ya Tabora ikiwemo, hauna mwenye nyumba wa kufuatwa; hapo utulize moyo wako kwa sala, kwa mpira, kwa simu ya nyumbani yenye siku yake. Wewe naona umegeuza: paa umelisusia, umbali unapigana nao kila usiku.

Na tafuta watu. Erik Erikson aliuita umri wako wakati wa kuchagua kati ya ukaribu na upweke, na ukaribu hakumaanisha mchumba peke yake, ingawa mama yako angependa iwe hivyo. Yule mwalimu wa hesabu uliyesema alikukaribisha kula migebuka, nenda kwake. Ukirudi, mkaribishe naye, hata kama huna viti.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Usingizi na hamu ya kula vikipotea mfululizo kwa wiki mbili, ukaona huna raha na lolote, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Nenda hospitali, umweleze daktari kila kitu. Na likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje hata siku moja: nenda siku hiyohiyo, na unipigie simu, hata iwe saa nane usiku.

Barua yako ya maombi ya uhamisho nimeisoma kama ulivyoomba. Imeandikwa vizuri, ila tarehe umeikosea. Irekebishe, uipitishe kwa mkuu wa shule kama utaratibu unavyotaka. Ni haki yako kuomba. Mama yako sijamwambia lolote. Ukimpigia Jumapili mweleze mwenyewe.

Ni mimi,
Shangazi yako