Kuacha na Kusimama

Mwaka wa 2004, kijana mmoja wa kidato cha tatu huko magharibi mwa Kenya aliandika barua ya kuomba basari. Aliiandika kwa Kiingereza, kwani aliamini kwamba lugha hiyo ndiyo iliyofungua milango ya ofisi. Alieleza idadi ya ndugu zake, udogo wa shamba lao na karo iliyokuwa imelimbikizana. Kisha, ili kamati isije ikadhani kwamba fedha zingeishia katika vilabu vya busaa, akaongeza sentensi moja aliyoionea fahari: "My father stopped to drink in 2002." Alikusudia kusema kwamba baba yake aliacha kunywa pombe mwaka huo.

Wazazi walipoitwa kuhojiwa katika ofisi ya chifu, katibu wa kamati aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akavua miwani, akamgeukia baba.

"Mzee, kijana wako anasema kwamba mwaka wa 2002 ulisimama ili unywe. Ulikuwa safarini ukienda wapi?"

Wanakamati waliangua kicheko. Baba hakuwa na Kiingereza cha kujitetea. Alirudi nyumbani kimya, na jioni akamuuliza mwanawe swali moja tu: "Mwanangu, nilikukosea nini hata ukaniandika hivyo kwa watu?"

Jina la kijana halikuonekana katika orodha ya waliofadhiliwa. Kama ni sentensi ile iliyomponza au sivyo, hakuna aliyemwambia. Baba aliuza mtamba, karo ikalipwa, na neno hilo halikutajwa tena baina yao.

Miaka minne baadaye, kijana alikuwa chuoni akisomea ualimu wa Kiswahili. Siku moja, katika mhadhara kuhusu ngeli, mhadhiri aliandika ubaoni methali isemayo kuishi kwingi ni kuona mengi. Akafafanua kwamba "kuishi" hapo ni kitenzi kilichovaa joho la nomino, ndiposa kikapata kivumishi chake, "kwingi", katika ngeli ya KU. Aidha, akasema, "ku-" hiyo hiyo huonyesha lengo, kama katika "Amekuja kusoma". Kiambishi ni kimoja, kazi ni mbili. Kalamu ya kijana ikasimama.

Alitambua kwamba Kiingereza huzitenga kazi hizo. Lengo la mtendaji hubebwa na "to" pamoja na kitenzi: "She came to learn." Tendo linalotajwa kama jina, hasa baada ya vitenzi kama "stop" na "enjoy", hupewa kiishio "-ing". Isitoshe, Kiswahili kina vitenzi viwili tofauti, "kuacha" na "kusimama". Msikilizaji huupata ukweli tangu kitenzi cha kwanza, nacho "kunywa" hubaki vile vile: aliacha kunywa, alisimama kunywa. Kiingereza hutumia "stop" kwa hali zote mbili, kisha mzigo wa maana kikatwikwa kitenzi cha pili. "Stopped drinking" ni kuacha kunywa. "Stopped to drink" ni kusimama kwa lengo la kunywa. Kijana, aliyefunzwa tangu shule ya msingi kwamba "kunywa" ni "to drink", alikuwa ameivusha "ku-" yake mpakani bila kukaguliwa.

La ajabu ni kwamba kipimo cha kumwokoa kilikuwa kinywani mwake siku zote. Nacho ni neno "ili". "Alisimama ili anywe" ni sentensi iliyotimia. "Aliacha ili anywe" huiharibu maana iliyokusudiwa. Pale ambapo "ili" inakubalika na mtendaji anaeleza lengo lake, Kiingereza hutaka "to". Kwa kipimo hicho, aliliona hata kosa jingine katika barua yake, "I am writing for asking". Aliandika ili aombe; basi ilipasa iwe "I am writing to ask". Aliponzwa na "kwa" ya "Asante kwa kunisaidia", ambayo kweli ni "Thank you for helping me", lakini hapo "for" hutaja sababu ya shukrani wala si lengo. Na vyombo je? Kiswahili husema "kisu cha kukatia nyama", kwa kauli ya kutendea inayodhihirisha kazi ya chombo. Kiingereza husema "a knife for cutting meat". Hapo "for" imekaa mahali pake.

Naam, anayeijua barabara lugha yake ana kipimo cha kupimia nyingine.

Likizo ya Desemba mwaka wa 2008, kijana alimweleza baba yake hayo yote wakiwa wameketi chini ya mwembe. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo Waingereza hawana neno la kuacha?"

"Wanalo, baba, tena si moja. Ila nililolichukua mimi lina sura mbili."

"Basi mimi niliacha," baba akasema. "Sikusimama."

Kisha akataka sentensi ile iandikwe upya, ingawa hapakuwa tena na kamati ya kuipelekea. Kijana akaandika: "My father stopped drinking in 2002." Baba aliipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa koti.