Linux zilizopita Bilele

Mwaka 2008, hapa Bilele mjini Bukoba, Linux hukuichagua; ulitumia iliyokufikia. Yangu ililetwa na posta: bahasha kutoka Ulaya, ndani yake sidii ya Ubuntu 8.04, bure kabisa. Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, waliwatumia watu sidii hizo duniani kote hadi waliposimamisha huduma hiyo mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kwangu hiyo ilikuwa fahari kubwa.

Kwenye steshonari, Linux ilijipatia heshima kwa virusi vya flashi. Mwalimu anafika asubuhi na mitihani ya kuchapa, mafolda yote yamegeuka shotikati, ameshika kichwa. Ukiichomeka flashi ileile kwenye Ubuntu, mafolda halisi yanaonekana yote, kwa kuwa Linux haijali ile alama ambayo Windows hutumia kuficha mafaili. Kirusi chenyewe kimelala hapo kama faili la kawaida. Unakifuta, unachapa mitihani, mwalimu anawahi kipindi.

Muziki ndio uliokuwa na mambo. MP3 ilihitaji kodeki, yaani programu ndogo ya kuusoma muziki huo, na kodeki hazikuwekwa kwenye sidii kwa sababu za hataza; ilibidi zishushwe kutoka intanetini. Mama wa kwaya aliyesimama kaunta ataelezwaje habari za hataza za Marekani? “Fundi, mbona haiimbi?” Basi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, lakini huku kwetu tuliendelea kuhesabu megabaiti kwa miaka mingi. Ndiyo maana Linux Mint ilipendwa: ilikuja na kodeki zake, ukimaliza kuisimika nyimbo zinapiga.

Kwa kompyuta za Kamachumu na vijiji vingine vya Muleba nilibeba Debian. DVD zake zilijaa maelfu ya programu, hivyo ungeweza kuandaa maabara nzima ya shule bila kugusa intaneti. Nadhani hakuna distro, yaani toleo la Linux, iliyowahi kuwafikiria watu wa mbali kama hiyo, na mpaka leo naitetea popote.

Simu zenye bando zilipoenea, swali lilibadilika. Sasa mtu anataka kujua Linux yake itatunzwa mpaka lini. Kwenye seva ndiko jibu linakouma. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, Linux ya seva iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Wenye seva wakaanza kuhama, wengine kwenda AlmaLinux na Rocky, wengine Debian. Kwa seva ya shule, ile inayowapa wanafunzi Wikipedia ya Kiwix bila intaneti, nachagua Debian bila kusita: haiharakishi mabadiliko, na hakuna kampuni moja inayoweza kuamka siku moja ikaifunga.

Tangu Windows 10 ilipofikia ukomo Oktoba 2025, laptopu zinaletwa tena kwa wingi. Zenye RAM ya GB 4 nazipa Mint ya Xfce. Za biti 32, na mashuleni bado zipo, haziwezi kusimikwa Debian 13, kwa hiyo zinabaki na Debian 12, ambayo itapata masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Walimu wakuu nawaambia tarehe hiyo mapema, waiweke kwenye bajeti.