Mkono wa Mpwa Wangu

Nafundisha biolojia sekondari hapa Muheza, mwaka wa 19 sasa, na kwa miaka mingi gegedu nililipa sentensi moja tu: tishu imara inayonyumbulika, ipo puani, masikioni na kwenye maungio. Wanafunzi walinakili, tukaendelea na mfupa. Kilichokosekana katika sentensi ile kimeuharibu mkono wa mtoto wa dada yangu.

Alikuwa na miaka 11. Ulikuwa msimu wa machungwa; akateleza mtini, akaanguka kwa kutanguliza kiganja. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Wakampiga picha, wakamfunga plasta ngumu, wakaniambia mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono na umepinda kidogo. Usiguswe tena, utajinyoosha mwenyewe kadiri anavyokua.

Sikuamini. Nyumbani niliielekeza ile picha dirishani, nikaona mstari mweusi umekatiza mfupa, nikadhani ndio ufa wenyewe, na kwamba wameuacha wazi. Siku ya 12 nilikata plasta kwa mkono wangu, nikamchukua mtoto kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee wa watu simsingizii. Alipapasa, akasema, "Mwalimu, huu umeshaanza kushika. Uache." Nikang'ang'ania. Nilimkamata mtoto mabega huku mkono ukivutwa, naye akaita "Mjomba!" mara tatu. Jioni nikamwambia dada yangu kuwa daktari ameruhusu. Daktari hakuruhusu chochote.

Mstari ule mweusi ulikuwa gegedu. Eksirei hailioneshi, huacha nafasi tupu. Kila mfupa mrefu wa mtoto una kisahani chembamba cha gegedu karibu na ncha. Seli zake hugawanyika, hujipanga safu kama sarafu zilizobebana, huvimba, kisha chokaa huingia na mfupa mpya hushika nafasi yao. Urefu wa mtoto hutoka hapo, mpaka kisahani chote kigeuke mfupa, kwa wavulana wengi kwenye miaka 16 hadi 18. Katika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, karibu robo tatu ya urefu hutoka kwenye kisahani cha kifundoni. Pale pale alipoumia. Jeraha la hapo hushika upesi, na kulivuta baada ya wiki nzima ni kuzichana seli zenyewe zinazomkuza mtoto.

Mkono ulinyooka, nikajisifu. Mwaka uliofuata mfupa ule ukasimama, na mwenzake ukaendelea kurefuka. Leo ana miaka 17. Kiganja kimelalia upande wa gumba, wala hawezi kukigeuza kikatazama juu. Akipokea chenji dukani huzungusha bega zima. Daktari aliyemwona baadaye aliniambia hata kuanguka kwenyewe kungeweza kukiua kisahani kile. Alinihurumia. Kwenye "huenda" yake sitaki kujificha, kwa sababu nilikatazwa, nikakatazwa tena, na mara zote mbili nilielewa lugha.

Siku hizi, kabla ya somo hilo, hupita buchani nikanunua mguu wa mwanambuzi, nikaomba wanipasulie mfupa kwa urefu. Darasani unapita mkono kwa mkono ili kila mmoja auone ule ukanda mweupe unaong'aa karibu na ncha, na wenye vidole vyepesi wauguse. Kipindi kizima kinaishia hapo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada yangu nikamwambia yote: plasta, onyo la mzee, uongo wa jioni ile. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso kwa muda mrefu, mikono inaendelea na ungo. Kisha akauliza, "Mwenyewe umemwambia?"

Nikasema bado. Yuko bweni, anarudi Ijumaa.

"Basi Ijumaa uje," akasema.