Sindano mbili

Jumamosi ile mama alinituma vitu viwili: sabuni ya kipande na mafuta ya mawese kidogo. Vijana wangu wakanituma kimoja: sindano ya kujazia mpira, juu ile ya zamani ilikuwa imevunjikia ndani ya mpira wenyewe. Na mimi nilitaka kuchaji simu. Shughuli nne. Mtu mzima anazimaliza kabla ya saa nne na kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Mi sikuzimaliza. Niliishia kukaa chini kando ya barabara, mdomo wazi, watu wamenizunguka wanasema nimelewa.

Ninaishi Nkamira, hapa Kanzenze, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi kando ya ile barabara inayotoka Musanze na kushuka mpaka Gisenyi. Tulitoka Kitchanga, kule Masisi, mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, siku zile mji ulipochukuliwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Hapa ninafanya kazi na vijana: mpira, michezo ya kuigiza, mazungumzo ya Jumatano. Wakubwa wananiita animatere, watoto wananiita yaya.

Kitu ambacho hawakukijua ni kwamba nina ugonjwa wa sukari tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba. Si ile sukari ya wazee wanene ambayo watu wanaizungumzia. Yangu ni aina ya kwanza. Mwili wenyewe uliharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, basi. Hakuna nilichokula kikaileta, na hakuna mti wala maombi ya kuirudisha insulini hiyo. Ninaichoma kwa sindano asubuhi na jioni. Nikiacha siku chache, ninakufa. Nikichoma na nisile, ninaweza kufa pia, tena haraka zaidi.

Kwa hiyo maisha yangu ni hesabu. Insulini niliyo nayo ni ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, unaizungusha polepole kwenye viganja kabla ya kuivuta. Ukishaichoma, ndani ya nusu saa hivi chakula kiwe mdomoni. Yenyewe haijui kama mstari wa chakula ni mrefu. Haijui kama kuni zimelowa. Imeshaingia, inafanya kazi yake.

Hesabu ya pili ni ya vile vikaratasi vya kupimia damu. Mwezi ule nilikuwa nimebaki na sita. Unafika mahali unajiuliza kila asubuhi: nipime leo, ao niweke ya kesho? Mara nyingi unaweka ya kesho. Hesabu ya tatu ni sukari ya mfukoni. Huwa ninakunja vijiko vinne hivi ndani ya karatasi ya daftari na kuviweka kwenye mfuko wa suruali, kwa siku ambayo hesabu zingine zitakataa.

Asubuhi ile nilichoma saa kumi na mbili na nusu. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kula, lakini haikunisumbua, juu kuna mama mmoja kando ya barabara anayeuza chai na mandazi, na ninafika kwake kwa dakika kumi. Ndiyo mazoea yangu: ninachoma, ninashuka, ninakula, ninaendelea na shughuli.

Nilifika nikakuta amefunga. Nikaenda butiki ya pili, imefungwa. Ya tatu, imefungwa. Barabara haina moto hata moja. Hapo ndipo nilikumbuka: ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda.

Kwa wasomaji ambao ni wageni Rwanda: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wote wanatoka kufanya kazi ya pamoja, wanalima mifereji, wanatengeneza barabara, wanapanda miti. Maduka yanafungwa, magari yanapumzika, mpaka kama saa tano hivi. Ni kitu kizuri, mi mwenyewe nimeshiriki mara nyingi. Lakini siku za kituoni zinafanana. Jumanne inafanana na Ijumaa, na mwisho wa mwezi unafanana na mwanzo. Nilikuwa nimesahau tu.

Ningeweza kurudi. Nyuma kulikuwa na mlima na nyumba isiyo na chakula. Nikaona afadhali nishuke kuelekea Mahoko, labda nitakuta mtu anachemsha viazi. Nikatia mkono mfukoni nitoe sukari. Karatasi ilikuwepo, lakini ni tupu. Jana yake jioni mdogo wangu aliikuta, akaitia kwenye chai ya mtoto aliyekuwa analia. Hata simlaumu. Mtoto analia, sukari ipo mfukoni kwa yaya, wewe ungefanya nini?

Mbele kidogo nikakuta kundi la watu wanazibua mfereji. Mzee mmoja akanisimamisha, akaniuliza kwa heshima kabisa: kijana, wenzako wanafanya kazi, wewe unatembea kwenda wapi?

Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu: mzee, mimi mgonjwa. Lakini nilimtazama, nikatazama wale akina mama walioshika majembe, wengine sawa na umri wa bibi yangu, nikaona aibu. Kijana wa miaka ishirini na tatu, mkimbizi, anakula chakula cha msaada, tena anakataa kazi ya saa moja? Nikasema, “Nisamehe mzee, nilisahau.” Nikachukua jembe.

Kulima kunakula sukari ya damu kama moto unavyokula majani makavu. Nililima kama dakika ishirini. Kwanza nilianza kutoka jasho la baridi, na hapa kwetu asubuhi kuna baridi, hakuna mwingine aliyekuwa anatoka jasho hivyo. Kisha mikono ikatetemeka. Kisha nikakasirika bila sababu. Nilimjibu mtu mmoja vibaya kwa sababu tu udongo wake ulirukia kiatu changu. Hasira ile ni dalili, ninaijua. Ila ukiwa ndani yake hujui kuwa ni dalili. Unaona tu dunia nzima imekukosea, kuanzia yule mama wa mandazi.

Halafu miguu ikaniacha. Nikakaa chini. Nilisikia sauti, “Yasinze! Yasinze!” Amelewa. Nilitaka kukataa, ulimi ukawa mzito, nikatoa maneno yasiyoeleweka, kama mlevi kabisa. Wengine wakacheka. Mmoja akasema hawa vijana wa Nkamira wanapata wapi pesa ya pombe asubuhi hivi.

Kulikuwa na mama mmoja mzee. Aliinama akanusa mdomo wangu. Akawaambia wenzake hakuna pombe hapa. Akafungua kijifuko changu, akatoa bomba la sindano. Kuna watu wakiona sindano wanafikiri bangi na madawa mengine. Mlinzi mmoja wa geti aliwahi kunimwagia vitu vyote mezani mbele ya watu kwa sababu hiyo. Lakini yule mama aliiangalia, akasema neno moja, “Diyabete.” Alikuwa anaijua, juu mume wake alikuwa nayo.

Butiki zimefungwa, hakuna mahali pa kununua Fanta. Akamtuma mjukuu wake mbio nyumbani. Mtoto akarudi na kikombe cha maji chenye sukari nyingi mpaka imekaa chini. Mama akanishika kichwa, akahakikisha ninaweza kumeza, akaninywesha polepole. Baada ya kama robo saa dunia ikaanza kurudi. Kwanza nikasikia baridi. Kisha nikaona mlima. Kisha nikaona watu, na aibu yote ikarudi pamoja nao.

Waliniletea viazi vya kuchemsha, vya moto, na chumvi. Yule mzee wa mwanzo alikaa karibu yangu, kofia mkononi, akasema, “Ihangane.” Pole. Aliponiona nimekula viwili akauliza, “Sasa kwa nini hukusema?”

Nilikosa jibu. Nimekaa na swali lile wiki nzima.

Jibu la kweli halipendezi. Nilinyamaza juu niliogopa. Niliogopa vijana wasiniheshimu. Niliogopa wakubwa wa kazi waseme huyu ni mgonjwa, tumtafute mwingine. Niliogopa maneno ya mstarini, juu mstarini kila mtu ni daktari: amerogwa, ana ule ugonjwa mwingine, alikula vitamu sana. Na kuna hofu nyingine, ya chini kabisa. Tulipokimbia Kitchanga nilikuwa na chupa moja ya insulini, nimeifunga kwenye kitambaa kilicholowa. Njiani watu walibeba watoto na wazee. Nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa mzigo wa kubebwa. Tangu siku ile nimekuwa ninajibeba kimya kimya, hata pale ambapo neno moja lingetosha.

Jumatano iliyofuata, badala ya mazungumzo tuliyopanga, nilitoa sindano yangu mbele ya vijana kama arobaini. Niliwaonyesha ninavyochoma. Niliwaeleza kwamba kabla ya mwaka 1922 kijana kama mimi alikuwa anakonda tu mpaka anakufa, wazazi wanatazama. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka kumi na minne anayeitwa Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kama dawa ya sukari, akapata nafuu. Miaka kumi na minne. Nusu ya vijana waliokuwa wamekaa pale ni umri huo.

Sitawadanganya kwamba wote walipiga makofi. Kuna waliocheka, na sasa kuna wanaoniita Yaya Sukari. Mama mmoja alimkataza mtoto wake kunywa kikombe kimoja na mimi, ingawa nilieleza kwamba sukari haiambukizi. Hayo ni madogo, ninayameza.

Lakini siku tatu baadaye, usiku, mama mwingine alikuja mlangoni kwetu. Binti yake ana miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa pale Jumatano. Mama akaniambia kwa sauti ya chini: mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anatoka kukojoa usiku mara tano, sita, amekonda mpaka nguo zinamvuka, na leo ametapika tangu mchana. Walifikiri ni minyoo. Majirani walisema ni mambo ya uchawi. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema, “Mama, ni kama vile yaya alieleza.”

Tulimpeleka kliniki usiku uleule. Mashine ya kupimia haikuandika hata namba. Iliandika herufi mbili tu, HI, maana yake sukari imepita uwezo wa mashine. Wakampeleka hospitali kwa ambulansi. Alikaa huko siku nyingi, akarudi, sasa anachoma kama mimi. Tunachoma pamoja jioni, anapenda kunisahihisha ninapoacha hewa ndani ya bomba.

Sisemi niliokoa mtu. Muuguzi na dereva ndio walifanya kazi. Lakini ninajiuliza ingekuwaje kama ningeendelea kunyamaza hata wiki moja.

Kwa jirani: ukiona mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, nusa kwanza kabla ya kucheka. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu, vinne vya sukari, usubiri robo saa, kisha mpe chakula. Kama amezimia, usimtilie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na ukimbilie muuguzi. Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi ya msaada: kuna watu ambao kusubiri mstarini saa mbili si usumbufu tu, ni hatari. Wengi wao hawatawaambia, kama mimi nisivyosema. Waulizeni, lakini pembeni, si mbele ya watu wote.

Mimi na mama bado tunangoja kupelekwa Mahama. Wanasema kule kuna joto, na insulini haipendi joto. Nimeanza kufanya majaribio ya chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Yule binti ananisaidia kumwagia maji.

Sindano ya mpira niliinunua wiki iliyofuata, Jumamosi isiyo ya umuganda, baada ya kula. Kijifuko changu sasa kina sindano mbili, moja ya mpira na moja yangu, na karatasi tatu za sukari. Mdogo wangu ameambiwa: moja ni ya mtoto akilia. Mbili asiziguse.