Nani Abebe Kabati, Nani Aendeshe IST: Dar hadi Mwanza

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni kilomita 1,100 na ushei, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Mwenye begi moja hana la kuwaza: anakata tiketi Stendi ya Magufuli pale Mbezi, kesho yake anashuka Nyegezi. Anayekosa usingizi ni yule anayehama na kitanda, friji, kabati la vyombo, magunia ya vitabu na Toyota IST yake juu. Mimi na mke wangu tulikuwa hao. Kabla ya kufunga boksi hata moja nilizunguka na daftari, nikaandika kila njia inatoa nini na inadai nini.

Kuchangia Fuso

Kila niliyemuuliza alianza na njia hii. Wakala wa Kariakoo hukusanya mizigo ya maduka na ya watu, kila mmoja analipia nafasi yake, na bei ndiyo ya chini kuliko zote. Nikasimama pembeni ya lori moja kutazama linavyopakiwa. Chini zilitangulia nondo, zikafuata ndoo za rangi na katoni za sabuni, kisha magodoro. Juu ya magodoro ikalazwa friji ya mtu, turubai likavutwa, na kijana akakaza kamba huku ameegemeza goti kwenye mlango wake.

"Friji inalazwa, kaka?" nikamuuliza.

"Ikisimama inatoboa turubai, mzee. Mwenyewe akifika aiache isimame kwanza ndio awashe."

Ushauri wake ni sahihi, kwa kuwa mafuta ya kompresa yanahitaji saa kadhaa kurudi mahali pake. Ila ulinionyesha nafasi ya mzigo wa nyumbani katika biashara hii. Dar ni mji wa bandari. Lori linalokwenda bara halikosi shehena ya dukani, kwa hiyo kabati lako ni la kujazia pengo. Anayehama kutoka Mwanza kuja Dar ana unafuu: akikutana na lori lililoshusha bidhaa huko na halijapata mchele wala pamba ya kurudi nayo, dereva mwenyewe ndiye atakayembembeleza. Sisi tulikuwa tunakwenda upande usiobembelezwa.

Canter nzima

Canter ya tani tatu peke yetu ilitajwa kwa bei iliyozidi mara mbili ile ya kuchangia. Nusura niondoke. Kisha nikahesabu safari za kabati. Kwenye Fuso ya pamoja linatoka nyumbani kwa kirikuu, linashushwa kwa wakala, linapandishwa lori, linashushwa ghala la Mwanza, linapandishwa kirikuu kingine, ndipo lifike mlangoni. Kila kituo kina wabeba mizigo wake, na kila mbeba mizigo ana bei yake. Canter inapakia mlangoni na kushusha mlangoni. Ukijumlisha virikuu viwili na mikono yote hiyo, tofauti ya bei inapungua sana, na vioo vya kabati vinapona.

Wenye malori karibu wote niliowauliza walikuwa na bima ndogo tu. Hiyo hulipa madhara ya watu wengine barabarani, haikulipi wewe kabati lako. Kwa hiyo kinga yako ni karatasi: orodha ya kila kitu iliyosainiwa na pande zote mbili, picha ya namba ya gari na leseni ya dereva, nusu ya malipo wakati wa kupakia na nusu baada ya kushusha. Dereva anayeikataa orodha amekurahisishia uamuzi.

Usitegemee pia Canter ifike pamoja nawe. Magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 hupita mizani, na njia hii ina mizani ya kutosha: Vigwaza, Mikese, Nala na kuendelea mpaka Usagara. Gari dogo linapita zake. Godoro moja, sufuria mbili na jiko la gesi vilikuwa vya kutangulizwa kwa basi.

Reli

Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ilifika Mwanza kutokea Tabora mwaka 1928, na kwa magunia na vitanda vya chuma bado ni njia ya bei nafuu. Dosari yake kwa mwenye vioo ni ileile ya kuchangia Fuso: lazima uwe na usafiri wako wa kufikisha stesheni na wa kutoa stesheni. Tena mvua zikichachamaa, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kina historia ndefu ya kusombwa na maji.

Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma na abiria mwaka 2024, tuliipa kazi nyingine. Mke wangu na watoto waliipanda hadi Dodoma, mimi nikashika usukani wa IST. Walifika mapema, wamekula na kulala. Mimi nilikuwa bado nahesabu malori ya Gairo.

IST

Kwa gari nilipima njia tatu. Ya kwanza, kulipandisha lori la kubebea magari. Halili mafuta wala tairi, ila uulize mapema: Mwanza litashushwa wapi, na kwa ngazi gani? Ya pili, kumlipa dereva. Madereva wa magari ya IT, wale wanaopeleka magari kutoka bandarini hadi Rusumo na Tunduma, wanaijua barabara kwa kila tuta. Tatizo ni kwamba wengi wao hulipwa kwa safari, na anayelipwa kwa safari ana haraka. Ya tatu, kuendesha mwenyewe. IST ya injini ndogo inakwenda kilomita 13 hadi 15 kwa lita barabara kuu, kwa hiyo weka hesabu ya lita 80 hivi, kwa bei ya EWURA ya mwezi huo.

Nikachagua ya tatu, kwa sharti moja: gari liende tupu. Jirani alinishauri nijaze vyombo hadi darini, "nafasi isipotee". IST imetengenezwa kubeba watu watano. Ukiijaza vyungu na vitabu, tako linakaa chini, kioo cha nyuma kinazibika, na mteremko wa Sekenke, baada ya Singida kuelekea Igunga, unakuwa mrefu kuliko breki zako. Kwenye buti niliweka tairi la akiba, jeki, pembetatu, maji na bahasha ya vyeti.

Nilipowakuta wenzangu Dodoma, tuligawa safari kwa kulala hapo na Singida, na giza lilipoingia tuliegesha. Kila kibao cha 50 ni cha kuheshimiwa, maana polisi wenye tochi hawako mbali nacho. Tinde ndipo malori ya Rusumo yanaposhika njia ya Kahama na barabara ya Mwanza inapumua. Canter ilitufuata baadaye; tukaisoma orodha mlangoni, kitu kimoja kimoja, ndipo nikatoa nusu iliyobaki.

Hukumu ya daftari

Kama mzigo wako ni magunia, magodoro na chuma, changia Fuso au tumia reli, utaokoa fedha. Kama una vioo, friji na kabati la mninga, kodi gari zima. Gari dogo lenye afya liendeshe mwenyewe mchana, likiwa tupu; lenye injini ya mashaka lipandishe lori. Wenye lori wote utakaozungumza nao waulize kwanza wakishusha mzigo wako wanabeba nini kurudi, kisha ndio muanze kupatana bei.